Hatua Zetu Si Malipo ya Chapati

Nina ugomvi na namba moja: elfu kumi. Utaikuta kwenye simu ya mwanafunzi wa chuo anayezunguka kitanda cha hosteli saa tano usiku kwa sababu zimebaki hatua mia nane. Utaikuta kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, ambako kila jioni watu wanatumiana picha za skrini zenye duara lililojaa, na asiyetuma anaulizwa kulikoni. Utaikuta mkononi mwa kaka ambaye mnazungumza naye vizuri tu, ghafla anaitupia jicho saa yake, anaomba radhi, anashuka ngazi na kupanda tena mara mbili. Ukiwauliza wote hawa wanatafuta nini, wengi watakujibu kwa neno moja: kupungua.

Sina ugomvi na kutembea, na ningeomba msomaji alishike hilo mpaka mwisho. Ugomvi wangu ni na ndoa iliyofungwa kati ya hatua na mizani: kwamba unatembea ili upungue, na usipopungua umetembea bure. Ndoa hii imefungishwa na wauza vifaa, sisi tukapiga vigelegele, na sasa inawaumiza wote wawili. Nataka talaka, na sababu ninazo.

Tuanze na ukoo wa bwana harusi. Elfu kumi ilianza kama jina la bidhaa. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ya Japani iliingiza sokoni kifaa kidogo cha kuvaa kiunoni kinachohesabu hatua. Kiliitwa manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Ni namba nzima, isiyo na chenji, na herufi ambayo Wajapani huandikia elfu kumi ina umbo la mtu aliye kwenye mwendo. Jina likauza kifaa, kifaa kikaeneza jina, na leo, zaidi ya nusu karne baadaye, simu iliyotengenezwa kwingine kabisa inakutikisa mfukoni ukiwa Sinza kukuambia kwamba umezembea.

Na tukumbuke kwamba muuza kipimo hapati hasara lengo lisipotimia. Anafaidika zaidi ukiendelea kulikimbiza. Google ilipokamilisha kuinunua kampuni ya Fitbit Januari 2021, bei ilikuwa dola bilioni 2.1. Fedha hizo hazikutolewa ili wewe siku moja ujione umefika, uivue saa na uendelee na maisha yako.

Sasa tufanye hesabu. Mtu wa kilo 70 akimaliza hatua 10,000 atakuwa ametembea kilomita saba hivi au zaidi kidogo, na mwili wake utakuwa umetumia takribani kalori 300 hadi 400. Sehemu ya hizo angezitumia hata kama angebaki kwenye kochi anatazama tamthilia, kwa sababu mwili hutumia nishati kwa kuwa hai tu. Weka mezani soda moja ya nusu lita, ambayo ina kalori 200 hivi, na chapati moja ya kusukuma iliyoiva kwa mafuta. Hesabu imefungwa. Saa moja na nusu ya jasho na vumbi imemalizwa kwa dakika kumi za kifungua kinywa. Anayesema "leo nimetembea, nina haki ya chipsi mayai" anakwenda dukani na sarafu ambayo duka halipokei.

Na hata hesabu hiyo inampendelea mtembeaji, kwa sababu mwili hauendeshwi kama daftari la madeni la Mangi, kwamba ukiandika kutoa basi lazima kimetoka. Ukitembea sana unasikia njaa zaidi. Ukitembea sana asubuhi, unajikuta umekaa zaidi mchana. Na mwili wenyewe una ujanja wake wa kubana matumizi.

Ushahidi mkubwa kabisa wa ujanja huo uko hapa hapa Tanzania. Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi wapo ambao bado wanategemea uwindaji, asali, mizizi na matunda ya porini. Mwaka 2012 mwanaanthropolojia Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nishati waliyotumia Wahadzabe 30. Wanaume walikuwa wakitembea wastani wa kilomita 11 na ushee kwa siku, wanawake karibu kilomita sita. Mtu angetarajia kwamba wanatumia nishati nyingi mno kuliko karani wa Marekani anayekwenda kazini kwa gari na kurudi kwa gari. Haikuwa hivyo. Ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi yao ya siku nzima yalilingana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili uliozoea mwendo mrefu hupunguza matumizi kwingine, na kwamba anayetafuta chanzo cha unene wa dunia ya leo aangalie zaidi sahani kuliko miguu.

Kama Eyasi ni mbali, twende chuoni. Huko Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young waliwagawa wasichana 120 wa mwaka wa kwanza katika makundi matatu: hatua 10,000, hatua 12,500 na hatua 15,000, siku sita kwa wiki, kwa wiki 24. Makundi yote matatu yaliongezeka uzito, kwa wastani kilo moja na nusu hivi. Wenye 15,000 hawakuokoka. Mwaka wa kwanza wa chuo, na chakula chake, uliwashinda.

Watafiti wengine walijumlisha tafiti tisa za watu waliopewa kipima hatua bila kubadilishiwa chakula, wakachapisha jumla yake mwaka 2008. Washiriki walipungua kweli, lakini kwa kasi ya gramu 50 hivi kwa wiki. Gramu 50 ni nyanya moja ndogo. Mizani ya bafuni haiwezi hata kuiona.

Na saa ya mkononi, je? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh uliochapishwa 2016 uliwafuatilia vijana 471 wenye uzito mkubwa kwa miaka miwili. Wote walipewa mwongozo wa chakula na mazoezi. Baada ya miezi sita, kundi moja likaongezewa kifaa cha kuvaa kinachopima mwendo. Mwisho wa miaka miwili, wenye kifaa walikuwa wamepungua kilo 3.5 kwa wastani. Wasio na kifaa walikuwa wamepungua kilo 5.9.

Hapa ndipo mtu wa kochi anapofurahi na kusema, basi kutembea hakuna maana. Ngoja kwanza. Habari nzuri za kutembea ziko nyingi, ila hazisomeki kwenye mizani.

Miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, daktari mmoja wa Uingereza aitwaye Jeremy Morris alikuwa akijiuliza kwa nini ugonjwa wa moyo unaongezeka. Akawatazama wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na konda walitoka katika mitaa ileile, walilipwa kutoka mfuko uleule, walishinda kwenye gari lilelile. Tofauti ilikuwa moja kubwa: dereva anakaa zamu nzima, konda anapanda na kushuka ngazi za basi akikusanya nauli, ngazi 500 hadi 750 kwa siku. Matokeo aliyochapisha 1953 yalionyesha kwamba makonda waliugua moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva, na walipougua, ulikuwa hauwaui haraka kama wenzao.

Wapinzani wake walisema, pengine madereva ni wanene tu. Morris akaenda kwenye vipimo vya sare za kazi, akaangalia viuno vya suruali. Ni kweli madereva walikuwa na viuno vikubwa zaidi. Lakini konda alibaki na kinga yake awe mwembamba, wa wastani au mwenye kitambi. Soma tena sentensi hiyo kabla hujaendelea. Konda mwenye kitambi alikuwa na moyo salama kuliko dereva. Suruali haikupungua na moyo ulipona. Hili limeandikwa tangu bibi zetu wakiwa wasichana, na bado tunapeleka miguu kwenye mizani kuuliza kama kazi imefanyika.

Utafiti wa karibuni unasema lugha ileile. Mwaka 2019 I-Min Lee wa Harvard na wenzake walitoa matokeo ya wanawake 16,741 wa Marekani, wenye umri wa wastani wa miaka 72. Waliotembea hatua 4,400 hivi kwa siku walikufa kwa kiwango cha chini kwa asilimia 41 kuliko waliotembea 2,700. Faida iliendelea kupanda hadi karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Ni kweli utafiti wa namna hii haukati shauri peke yake, kwa kuwa mgonjwa hutembea kidogo kwa sababu ni mgonjwa, na watafiti walijitahidi kulizingatia hilo. Hata hivyo angalia tofauti yenyewe: hatua 1,700 ni mwendo wa robo saa hivi. Ni kutoka nyumbani hadi kituoni na kurudi. Mama aliyefikisha 4,400 kwenye simu zetu angeonyeshwa duara nusu tupu na kuambiwa ajitahidi kesho.

Ubaya wa ndoa hii ninauona mtaani kwetu Tabata. Kuna mama mmoja jirani ambaye kliniki walimkuta na presha ya juu, wakamwambia apunguze chumvi, ameze dawa zake na atembee. Akaanza kutembea. Saa kumi na mbili asubuhi unamkuta na raba za binti yake, khanga kiunoni, simu mkononi, maana binti alimwekea programu ya kuhesabu. Miezi mitatu. Kisha akatoweka barabarani. Nilipokutana naye gengeni nikamsalimia, shikamoo mama, siku hizi hatukuoni asubuhi.

"Marahaba, mwanangu. Nimeacha. Miezi mitatu nachoma soli, nimepungua kilo moja tu. Natembea bure."

"Na presha, mama?"

"Presha imeshuka, wamesema. Wameniambia niendelee hivyohivyo na dawa. Lakini si unaniona? Mwili ni uleule."

Neno lililonikata maini ni hilo "bure". Mama huyu alikuwa ameshinda. Kitu alichotumwa kukifanya alikuwa amekifanya, na mwili wake ulikuwa umejibu mahali ambapo kifo huanzia kwa watu wa umri wake. Hakuna aliyempongeza kwa hilo. Programu ya simu ilimhesabia hatua na kalori, binti akamuuliza kilo, mashoga wa kikoba wakamtazama kiuno. Wote walipima kitu kimoja, na kitu hicho hakikusogea, basi akarudi kukaa. Kila anayeacha kutembea kwa sababu mizani imegoma ameibiwa, na mwizi ni yule aliyemwambia kwamba mizani ndiyo shahidi.

Tusijifanye kwamba wazo la kupungua limetushukia kutoka Japani peke yake. Lina historia yake kwetu. Zamani mtu alikusalimia kwa furaha, "umenawiri, umenenepa", na ilikuwa sifa. Kukonda kulikuwa na maana ya shida, na miaka ile Ukimwi ulipokuwa hauna dawa, kukonda kulikuwa na maana ya kaburi. Watu waliogopa kukonda hata kwa jina. Ndiyo maana leo hakuna anayesema anataka kukonda. Tumechukua neno la hesabu, kupungua, kama vile mwili ni akiba ya mchele. Na neno hilo limebebeshwa hasa dada zetu. Anatakiwa kupungua kabla ya sendofu, kupungua baada ya kujifungua, kupungua kabla picha za mahafali hazijapigwa. Elfu kumi ilipofika ilikuta adhabu imeshaandaliwa, ikawa kiboko cha kuitekelezea. Umekula pilau ya harusi? Tembea ulipe.

Lakini kutembea kwa Kiswahili hakujawahi kuwa adhabu. "Nimekuja kutembea" maana yake nimekuja kukuona, kukaa na wewe, kunywa chai yako. Mtoto akifunga shule anakwenda kutembea kwa shangazi. Lugha yetu imeweka mwendo na watu katika neno moja, na nadhani ilikuwa na sababu. Anayetembea kwenda kumjulia hali mgonjwa mtaa wa tatu amefanya vyote: moyo wake umepiga kwa nguvu, na mgonjwa amefurahi. Huyu anayezunguka kitanda saa tano usiku ameridhisha simu.

Kisha tazama nani anahesabiwa. Machinga anayetoka Kariakoo na viatu shingoni, mikanda mkononi, akapita Magomeni, akapanda Manzese, saa saba mchana pengine amekwishapita elfu kumi na hajauza pea mbili. Dada wa kazi aliyeamka saa kumi na moja, akadeki, akafua, akabeba ndoo, akambeba mtoto mgongoni, simu yake imekaa jikoni kwenye chaji na inasema hajasogea. Hata angevaa saa, vifaa vya mkononi husoma mkono unaoning'inia na kupunga. Mkono ulioshika beseni kichwani au uliomshika mtoto mara nyingi hausomeki sawasawa. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake, na waliowaza hivyo walijua mwendo wa lazima unavyomla mtu. Hakuna anayempa machinga duara la kijani. Na usidhani wembamba wake ni zawadi ya hatua. Muulize amekula mara ngapi tangu jana.

Hapo ndipo ndoa ya hatua na mizani inapotufumba macho kabisa. Tukisema watu watembee ili wapungue, suala zima linakuwa la nidhamu ya mtu binafsi. Mnene ni mvivu, mwembamba ana bidii, na habari imeishia hapo. Tukisema watu watembee ili mioyo yao isisimame, maswali yanabadilika. Njia ya kutembelea iko wapi?

Jaribu kutembea kilomita mbili tu pembeni ya barabara nyingi za Dar es Salaam. Pale palipojengwa njia ya waenda kwa miguu, kuna bodaboda wameegesha, kuna gari limepanda juu ya ukingo, kuna meza ya chipsi, na mwenye meza naye hana pengine pa kwenda. Pasipojengwa, una mtaro wazi kushoto na daladala kulia. Kivuli hakuna, miti imekatwa ili barabara ipanuliwe kwa ajili ya magari. Mwanamke anayetaka kutembea alfajiri kabla ya kazi anapiga kwanza hesabu ya taa za barabarani na ya vijiwe atakavyopita. Ndiyo sababu jioni utaona watu wamewasha magari kutoka Mbezi, wamekaa kwenye foleni saa nzima, ili wakatembee Coco Beach au kwenye Daraja la Tanzanite, ambako upepo upo na njia ipo. Siwacheki. Nasema tu kwamba mji ambao mtu anahitaji gari ili aweze kutembea umekosea mahali, na kosa hilo haliwezi kusahihishwa na saa ya mkononi.

Mizani inatuzuia kulisema hilo kwa sauti. Mtu aliyeshindwa kupungua huona aibu, na mwenye aibu hadai njia wala taa. Aliyeshushiwa presha na mwendo wa nusu saa ana hoja ya kusimama nayo kwenye mkutano wa mtaa: hii njia ni dawa yangu, kama kile kidonge cha kliniki, mbona mmeifanya maegesho?

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu la haki: "Lakini namba inanipa moyo. Bila kuhesabu nisingetoka nje." Ni kweli kwa wengi. Mwaka 2007 Dena Bravata na wenzake walikusanya tafiti 26 za vipima hatua, na wakakuta wanaovivaa waliongeza mwendo wao kwa zaidi ya robo. Hiyo si kazi ndogo. Ila soma na sehemu ya pili ya matokeo yao. Presha ya juu ya washiriki ilishuka kwa karibu pointi nne, ilhali uzito uliguswa kidogo tu. Yaani hata pale kifaa kilipofanya kazi, kilifanya kazi kwenye mishipa zaidi kuliko kwenye kiuno. Kama namba inakutoa nje, ichukue. Nakuomba tu uulize imekuletea nini, na uuliziwe mahali panapojibu.

Kuna bei nyingine ya kuhesabu ambayo haisemwi. Mwaka 2016 mtafiti Jordan Etkin wa Chuo Kikuu cha Duke alionyesha kwamba watu wanaopimwa katika jambo wanalolipenda, kutembea likiwemo, hulifanya zaidi wakati wanapimwa, lakini hulifurahia kidogo zaidi, na kipimo kikiondolewa huwa wepesi wa kuliacha. Starehe imegeuzwa kibarua. Jambo ambalo ungelifanya kwa miaka arobaini limekuwa mradi wa miezi mitatu, unaoishia siku betri inapokufa au simu inapoibiwa Mwenge.

Wapo pia wanaotakiwa kweli kupunguza uzito, kwa sababu ya kisukari, ya magoti, ya usingizi unaokatika usiku. Sitawadharau kwa kuwaambia uzito hauna maana. Kwao ndiyo zaidi ninasema tusiwadanganye. Njia ya kupungua inapita mezani: ukubwa wa tonge la ugali, mafuta ya kikaango, soda ya kila mchana, chakula cha usiku wa manane. Inapita pia mfukoni, maana sahani ya chipsi ipo kila kona na ya mboga za majani unaitafuta. Kwenye safari hiyo kutembea ni msaidizi mzuri, na husaidia zaidi kuulinda uzito mtu anapokwisha kuupunguza. Msaidizi hawezi kubebeshwa kazi yote, kisha akafukuzwa kwa kushindwa. Mwambie mtu ukweli wa sahani mapema, na miguu yake utakuwa umeiokoa.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Wanaotoa huduma za afya, mnapomwambia mgonjwa atembee, mwambieni mtapima nini atakaporudi, na kipimo hicho kiwe presha, sukari, pumzi anapopanda ngazi, usingizi. Kilo ziwe habari nyingine, siku nyingine. Viongozi wa vikundi vya jogingi, ambao Jumamosi mnafunga barabara kwa fulana na filimbi, mna nguvu ambayo hamjaitumia: idadi yenu ikisimama mbele ya ofisi ya kata kudai njia na taa, itasikika kuliko kelele za mtu mmoja. Na ninyi wenzangu wa makundi ya WhatsApp, acheni kumuuliza mtu amepungua ngapi. Muulizeni amepita wapi, amemwona nani.

Jirani yako akikuambia ameacha kutembea kwa sababu hajapungua, usimpe pole wala usimsimange. Muulize kliniki walimwambia nini mara ya mwisho. Kisha mwambie utamngoja getini saa kumi na mbili asubuhi, mtatembea hadi sokoni na kurudi, na simu mtaziacha nyumbani.